Fundi friji kauliza: kweli kuna upande wa ulimwengu ambako entropi inashuka?

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo tu: "Mwalimu shikamoo. Mi ni fundi wa friji na AC, shule niliishia form four lakini fizikia naipenda sana. Kuna mtu kanitumia PDF ya nadharia ya Mmarekani anaitwa Dewey Larson, anasema nafasi na muda ni kinyume cha kila mmoja, kama 2 ilivyo kwa 1/2, na upo upande wa pili wa ulimwengu ambako kila kitu kimegeuzwa. Huku vitu vinachakaa na kuchanganyika, kule vinajipanga vyenyewe. Vipimo nimevikagua kwa karatasi vinakubali kabisa. Sasa huyo huyo aliyenitumia anasema kapata njia ya kuvuta mpangilio wa kule, anatengeneza friji isiyokula umeme wala gesi, anataka mafundi tuchangie. Niende au naibiwa?"

Marahaba fundi wangu. Tuanze na hela: usitoe. Hata shilingi. Hilo limeisha, sasa tukae tuongee fizikia vizuri maana swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, umegusa mahali ambapo watu wenye vichwa vikubwa walikesha miaka zaidi ya 100 na kipande kimoja mpaka leo hakijafunguka.

Larson kwanza, tumtendee haki. Alikuwa injinia Marekani, alizaliwa 1898 akafa 1990, hakuwa profesa wa chuo chochote, alianza kwa kutafuta namna ya kukokotoa tabia za kemikali kutokana na vitu zilivyoundwa navyo, na mwaka 1959 akatoa kitabu chake cha kwanza cha nadharia nzima. Anachosema kwa kifupi ni kwamba ulimwengu hauna kitu kingine ndani yake zaidi ya mwendo. Sio vitu vinavyotembea, hapana, mwendo wenyewe ndo malighafi. Na mwendo ni nini? Ni nafasi gawanya kwa muda, kilomita kwa saa, basi. Ukiangalia hiyo sehemu unaona nafasi iko juu na muda chini, kwa hiyo kuongeza nafasi ni sawasawa na kupunguza muda, na ukiipindua juu chini unapata mwendo wa aina nyingine. Kasi ya nuru kwake ndo namba 1, ndo mahali pa kuanzia kuhesabu, sio mwisho wa safari. Chini ya 1 ndo upande wetu ambako maada inajikusanya kwenye nafasi, juu ya 1 ndo huo upande wa pili ambako maada inajikusanya kwenye muda. Vitu vinavuka kwenda kule nyota na galaksi zinapolipuka, vingine vinarudi huku kama miale ya kosmiki (chembe za kasi sana zinazotoka angani), kwa hiyo ulimwengu unazunguka tu bila mwanzo wala mwisho, uchakavu wa huku unafutwa na mpangilio wa kule.

Nakiri ni wazo zuri kulitazama. Mtu akisoma mara ya kwanza anasisimka na sioni aibu yoyote hapo, mimi pia nilisisimka.

Sasa hivyo vipimo ulivyokagua, yaani kila kitu kuandikwa kwa nafasi na muda tu. Hapa nataka uchukue karatasi yako tena kwa sababu hapa ndipo wengi wananasa, na wanaonasa ni wale makini wanaokagua, sio wavivu. Larson anasema masi ni muda kwa kipeo cha 3 gawanya nafasi kwa kipeo cha 3, nishati ni muda gawanya nafasi. Umejaribu nishati sawa na masi mara kasi ya nuru kwa kipeo cha 2, ikakubali. Ukajaribu nguvu sawa na masi mara mchapuko, ikakubali. Ukasema duh, huyu mzee kafunua siri.

Fanya hivi. Sahau Larson, tunga masi yako mwenyewe, ya uongo kabisa. Tuseme masi ni nafasi kwa kipeo cha 5 mara muda. Nimeitoa kichwani tu sasa hivi. Mchapuko ni nafasi gawanya muda kwa kipeo cha 2, kwa hiyo nguvu inakuwa nafasi kwa kipeo cha 6 gawanya muda. Zidisha na umbali upate nishati: nafasi kwa kipeo cha 7 gawanya muda. Sasa njia ya pili, masi yako ya uongo zidisha na kasi kwa kipeo cha 2, unapata nini? Nafasi kwa kipeo cha 7 gawanya muda. Imekubali! Jaribu momenta, jaribu kazi, jaribu pawa, zote zitakubali, na ukifika kwenye sheria ya mvutano ya Newton ile namba yake ya kudumu G itameza tofauti yote iliyobaki na nayo itakubali. Ungeweka kipeo cha 40 ingekubali vilevile. Sababu ni kwamba fomula za mekanika zinakagua kama vipimo vinaelewana vyenyewe kwa vyenyewe, hazijali umeita masi jina gani ilimradi hujabadilisha jina katikati ya safari. Kwa hiyo kukubali kwa vipimo hakumpi Larson ushahidi wowote, kunamwambia tu kwamba hajakosea algebra. Namuonea huruma mtu aliyeliona hilo peke yake usiku akadhani kapata ufunguo, kwa sababu inafanana kabisa na ufunguo.

Nisikuache na mawazo kwamba kugeuza 1 chini ya kitu ni upuuzi. We mwenyewe unaishi humo kila siku. Umeme unaofunga kwenye kompresa una hezi 50, hiyo ni muda uliogeuzwa, gawanya 1 kwa 50 unapata sekunde 0.02, ndo mzunguko mmoja. Na nafasi iliyogeuzwa nayo ipo, wanaosoma fuwele (vitu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa safu, kama chumvi) kwa eksirei wanaitumia kama wewe unavyotumia manifold gauge, zile geji za gesi. Ukipiga eksirei kwenye fuwele kinachotokea kwenye filamu sio picha ya atomu, ni madoa, na madoa yanasoma umbali kwa kinyume: vitu vilivyokaribiana kwenye fuwele vinatupa doa mbali na katikati, vilivyoachana vinatupa doa karibu. Max von Laue ndo alianzisha mwaka 1912. Ile picha maarufu ya DNA iliyotoka kwenye maabara ya Rosalind Franklin mwaka 1952 ni hivyohivyo, yale madoa meusi ya pembeni kabisa yanatokana na ngazi za DNA ambazo zimeachana nanomita 0.34 tu, na mistari iliyobanana katikati inatokana na mzunguko mzima wa nanomita 3.4, mara kumi yake. Kwa hiyo nafasi iliyogeuzwa ni kitu cha kweli chenye kazi ya kweli, lakini ni namna nyingine ya kuandika nafasi ileile. Sio chumba cha pili nyuma ya ukuta. Hapo ndipo Larson anaruka mto bila daraja.

Tuje kwenye entropi sasa, ndo huko kuchakaa na kuchanganyika ulikosema, maana hapa ndipo hela yako inatafutwa.

Watu wanasema entropi ni vurugu na mimi nalikubali kwa shingo upande, linafaa kwa kuanzia tu. Entropi ni hesabu ya namna. Chukua sarafu 100 uzimwage mezani. Zote kuangukia kichwa, kuna namna moja tu ya kutokea hivyo. Hamsini kichwa hamsini mwenge, kuna namna karibu 1 yenye sifuri 29 nyuma yake. Hakuna nguvu inayozisukuma sarafu kwenda hamsini kwa hamsini, hakuna sheria inayozikataza kuwa vichwa vyote, ni kwamba tu njia za kwenda kule ni nyingi mno na za huku ni moja. Sukari kwenye chai ni hivyohivyo, na joto kutoka kwenye ugali kwenda hewani ni hivyohivyo. Ludwig Boltzmann alilisema hili karne ya 19, na fomula yake imechongwa kwenye kaburi lake pale Vienna, entropi sawa na k (namba ya kudumu tu) mara logi ya idadi ya namna.

Sasa hebu geuza. Sema upo upande wa pili ambako kila namba x imekuwa 1 chini ya x. Kila hali moja ya huku inapata mwenzake mmoja wa kule, sivyo? Basi idadi ya namna haijabadilika! Ukiwa na mbuzi 30 ukawapa wote majina mapya bado una mbuzi 30. Kama huku njia za kuchanganyika ni nyingi kuliko za kujipanga, basi kule, kwa saa ya kule, njia za kuchanganyika ni nyingi kuliko za kujipanga, na fundi friji wa kule analipa umeme kama wewe. Kugeuza sehemu juu chini hakugeuzi hesabu ya namna. Mimi naona hili ndo kosa la mzizi, mengine yote ni matawi, kwa sababu Larson anachukulia mpangilio na uchakavu kama plasi na mainasi, kama chaji, wakati entropi haina upande wa mainasi, ni kuhesabu tu na hesabu inaanzia 1.

Friji lako linaonyesha vizuri. Tuseme ndani ni nyuzi 2, yaani kelvini 275, na kule nyuma kwenye kondensa ni nyuzi 40, kelvini 313. Unatoa jouli 200 ndani. Entropi ya ndani inashuka 200 gawanya 275, ni 0.727. Kwa hiyo ndiyo, entropi inashuka, inashuka kila siku ndani ya kila friji uliyowahi kutengeneza, wala huhitaji upande wa pili wa ulimwengu. Lakini nyuma je? Tuseme kompresa imekula jouli 100, basi nyuma zinatoka 300, gawanya 313, ni 0.958. Jumla imepanda 0.231. Sasa mpe huyo jamaa friji lake lisilokula kitu, nyuma zinatoka 200 zilezile gawanya 313, ni 0.639. Ndani imepungua 0.727, nje imeongezeka 0.639, jumla imeshuka. Hiyo ni sarafu kujipanga vichwa zenyewe, tena sio sarafu 100, ni molekuli zenye namba ya sifuri 23 na zaidi. Ukitaka kujua kiwango cha chini kabisa ambacho friji kamilifu lingekula kwa hizo nyuzijoto, ni karibu jouli 28 kwa kila 200. Sio sifuri.

Najua utaniambia mbona friji za mafuta ya taa zilikuwepo, hazina umeme. Kweli, ila zinalipia kwa moto wa utambi. Hata Einstein na mwenzake Leo Szilard walibuni friji isiyo na kitu kinachozunguka, hati ya ubunifu ya Marekani wakapewa 1930, na bado ililazimika kulishwa joto.

Na huyo Szilard ndo ananifikisha kwenye "kuvuta mpangilio", kwa sababu wazo hilo sio jipya, lina umri wa zaidi ya miaka 150. James Clerk Maxwell mwaka 1867 aliwaza kijini kidogo kimekaa kwenye kimlango kati ya vyumba viwili vya hewa, molekuli yenye kasi ikija kinafungua ipite kulia, ya polepole inapita kushoto, mwisho chumba kimoja kina joto kingine kina baridi na hakuna aliyelipa. Hilo ndo friji la jamaa yako hasa. Iliwasumbua watu vibaya sana. Szilard mwaka 1929 akasema ngoja, kijini kinapata wapi habari za molekuli, kupima nako kuna gharama. Baadaye Rolf Landauer mwaka 1961 akaonyesha kwamba kufuta habari kuna gharama, na Charles Bennett mwaka 1982 akaona hapo ndipo gharama ya kijini ilipojificha barabara: kijini kinakumbuka kila molekuli, kumbukumbu inajaa, lazima ifutwe, na kufuta biti moja (kumbukumbu ya ndiyo au hapana moja) kwenye joto la kawaida la chumbani kunatoa si chini ya jouli 3 hivi gawanya kwa 1 yenye sifuri 21. Ni kidogo mno lakini kipo, na mwaka 2012 watafiti kule Lyon Ufaransa walikipima kwa punje moja ndogo ndani ya maji, na punje haikuweza kushuka chini ya kiwango cha Landauer. Yaani mpangilio una bei hata ukiwa na ukubwa wa biti moja. Mimi hili jambo nikilifundisha bado nywele zinanisimama.

Labda utauliza, sawa hesabu ya namna nimeelewa, lakini ulimwengu wenyewe umeshampima Larson? Umempima. Vipo vipimo vingi, mimi nitachukua viwili vizito. Cha kwanza, Larson aliandika wazi kwamba mvutano hausafiri, unafika papo hapo, kwa sababu kwake kila maada inafanya mwendo wake na hakuna kinachotumwa. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO Marekani na Virgo Italia ilinasa mawimbi ya mvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana, na sekunde 1.7 baadaye setilaiti ikaona mwanga wa gama wa tukio lilelile. Umbali ni miaka ya nuru kama milioni 130. Fikiria hapo fundi, mvutano na nuru vimekimbia mbio za miaka milioni 130 vikafika vimepishana sekunde moja na ushee. Kama mvutano ungekuwa wa papo hapo ungefika hapa miaka milioni 130 kabla ya nuru, enzi za dainosaria, tusingeona hata kivuli chake. Kwangu mimi kipimo hiki peke yake kinatosha.

Cha pili, mwaka 1963 alitoa kitabu kizima cha kukataa kwamba atomu ina kiini. Lakini ile mashine ya MRI hospitalini inafanya kazi kwa kutikisa viini vya haidrojeni vilivyo kwenye maji ya mwili wako, kwenye sumaku ya tesla 1.5 vinaitika kwa megahezi 64 hivi, na ukipandisha sumaku vinapanda kwa uwiano uleule. Na kiini kilianza kuonekana 1909 kwa Geiger na Marsden walipopiga chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba ya metali kama dhahabu na moja katika maelfu ikarudi nyuma. Rutherford, bosi wao, alitumia hiyo namba, chache zinazorudi na kwa pembe ipi, kupima udogo wa kitu kilichozirudisha. Miale ya kosmiki nayo sitakaa sana, tuna ushahidi tangu 2013 kwamba mabaki ya nyota zilizolipuka yanarusha protoni, hazihitaji kutoka upande wa pili.

Ila kuna kitu kimoja Larson alikihisi vizuri na sitaki kukificha. Sheria za mwendo zenyewe hazijui mbele wala nyuma, ukirekodi molekuli mbili zikigongana ukaicheza filamu kinyume hakuna atakayegundua. Josef Loschmidt alimbana Boltzmann kwa hoja hiyo mwaka 1876: sheria zako ziko sawa pande zote, sasa mshale wa muda umetoka wapi? Jibu tulilonalo ni kwamba hesabu ya namna inakuambia kesho entropi itapanda, lakini kwa hesabu hiyohiyo jana nayo ilipaswa kuwa juu, na haikuwa. Jana ilikuwa chini, juzi chini zaidi, ukirudi miaka bilioni 13.8 unakuta ulimwengu umepangika kwa kiwango cha kutisha. Nuru ya zamani kabisa tunayoipima, ile ya kelvini 2.7, iko laini kila upande, tofauti ni moja katika laki moja tu, na kwa maada inayovutana kutawanyika laini hivyo ndo kupangika, maana njia za kujirundika ni nyingi zaidi. Kwa nini ulimwengu ulianza na sarafu zote vichwa? Hakuna anayelijua jibu hilo. Larson aliona hilo shimo na akalifunika kwa kusema hakukuwa na mwanzo. Kifuniko sikikubali lakini shimo lipo kweli, na kama una miaka ya kupoteza usingizi upoteze hapo.

Na sisi wenyewe tunakula mpangilio huo huo wa mwanzo kwa mkopo. Jua lina uso wa kelvini 5,772, dunia inatema joto angani ikiwa kama kelvini 255, kwa hiyo kila chembe moja ya nuru inayoingia tunarudisha karibu 20 zilizopoa. Nishati inatoka karibu ileile iliyoingia, kinachobaki hapa ni tofauti ya ubora, na humo ndimo mihogo inaota na mtoto anakua. Mwanafizikia Erwin Schrödinger alilieleza hili kwenye mihadhara yake Dublin mwaka 1943. Kwa hiyo mtu akikuambia vitu vinajipanga kwa hiyo lazima kuna chanzo cha siri cha mpangilio, mwonyeshe jua.

Turudi kwa jamaa. Usigombane naye wala usimwite tapeli, huenda anaamini. Mwambie tu alete friji lake kwenye karakana yako, mlifungue muone hakuna betri, mlifunge kwenye chumba kisicho na dirisha, ndani weka ndoo ya maji lita 10 yenye nyuzi 30, muondoke siku mbili. Maji yakishuka mpaka nyuzi 5 na hakuna waya, moto, betri, barafu wala kemikali yoyote iliyotumika, nitapanda basi kuja mwenyewe. Kama atasema lazima achangiwe kwanza ndo lifanye kazi, umeshajibiwa.

Na kipo kipimo chako wewe, cha bure. Chukua friji yoyote nzima hapo karakana, chumba kifungwe, mlango wa friji uache wazi kabisa, washa, weka themomita katikati ya chumba na klampu mita (ya kupima umeme unaopita) kwenye waya. Vijana wako watabisha kwamba chumba kitapoa. Andika nyuzijoto kila nusu saa kwa masaa matatu, andika na ampea, alafu nitumie namba. Chumba kitapanda joto, na ukizidisha wati na sekunde utaona jouli zilizoingia kwa waya ndizo zilizobaki humo ndani, ukitoa zile zilizopenya ukutani.